Kibao Nilichosema Nimekirudisha

Wajukuu zangu mnaotengeneza kompyuta hapa Mikumi na kule Kilosa mjini, hamjambo? Najua wenye adabu mtanipa shikamoo hata kwenye karatasi, kwa hiyo nasema marahaba kabisa, tuendelee na mazungumzo.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa Neema, binti mwenye kibanda cha kompyuta karibu na stendi. Nilimkuta ameinamia kompyuta ya mezani iliyofumuliwa yote, skrubu zimejaa kwenye kisosi cha chai. Siku moja kabla alikuwa ameiongezea memori, na tangu hapo ilikuwa haiwaki. Feni inazunguka, kioo cheusi. Binti wa watu alikuwa amekwisha kubadili waya, amebadili kioo, amebadili hata kile kisanduku cha kuingizia umeme.

"Memori umeitoa?" nikamuuliza.

"Memori ni mpya, Babu. Nimeifungua kwenye paketi mbele ya mwenyewe."

"Sikukuuliza umri wake."

Akacheka kwa kunistahi tu, lakini akaitoa. Nikamwambia achomoe umeme kwanza, afute yale meno ya shaba kwa kifutio safi cha penseli, kisha aichomeke huku akiibana kwa vidole gumba viwili mpaka vishikizo vya pande zote mbili vilie. Jana yake kilikuwa kimelia kimoja tu. Alipobonyeza kitufe kioo kikawaka. Neema akaniuliza nilisomea wapi kompyuta. Sijasomea popote, wala sijawahi kumiliki. Nililifahamu jambo hilo kwa sababu nililikosea zamani, mkiwa hamjazaliwa wala wazazi wenu hawajaoana, na aliyeumia kwa kosa hilo hakuwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa simu za upepo. Ninyi hamkuzikuta. Ni redio ya kuzungumzia: sanduku la bati, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliofungwa juu ya mlingoti. Unaminya kitufe unasema, unaachia unasikiliza. Katika miaka ile ya baada ya uhuru, na hasa watu walipohamia vijiji vya ujamaa, masanduku hayo ndiyo yaliyoita gari la wagonjwa, yakaagiza mbegu, yakatoa habari kwamba mto umekata njia. Karakana yetu ilikuwa Kilosa, si mbali na stesheni. Ilikuwa na meza mbili tu, moja ya Mzee Daudi Chogohe na nyingine yangu.

Mzee Chogohe alikuwa mtu wa milimani, Ukaguruni, aliyesoma shule ya misheni, msafi wa nguo na wa maneno. Mimi ni mtoto wa bondeni, Ramadhani, yeye akinifupisha kwa kuniita Rama. Mwezi wa mfungo alikuwa anakwenda kula chakula chake nyuma ya stoo nisimwone, na nikimtania kwamba harufu ya maharage nimeipata, anakasirika kweli, anaapa kwamba kesho atakula mbali zaidi. Miaka yote niliyokaa naye sikumsikia akimwita fundi mwenzake mjinga, hata mimi, na sababu nilimpa nyingi.

Katika kulehemu, sijaona mtu kama yeye. Nyinyi siku hizi mnabadilisha kibao kizima, lakini sisi tulikuwa tunaunga waya mmoja mmoja. Alinifundisha kwamba lehemu nzuri hung'aa, na ikiwa ya kijivu yenye chembechembe haikushika, hata ukiivuta ikakataa kutoka. Alinifundisha kuupasha moto waya, si kuipasha lehemu. Alinifundisha kutoa mayai ya mjusi ndani ya redio kwa kijiko cha chai, maana mjusi wa Kilosa alipenda redio kuliko katibu wa kijiji.

Usidhani kila safari ilikuwa ya ufundi. Tuliwahi kwenda Rudewa, kwenye mashamba ya mkonge, tukiwa tumebeba vifaa vyote kwa sababu redio imekufa ghafla. Kufika, redio nzima, betri haipo. Ilikuwa imeazimwa ikapige muziki kwenye harusi, na bwana harusi mwenyewe ndiye mlinzi wa ofisi. Mzee akaandika kwenye taarifa, "Betri imerejea kazini." Hapa Mikumi nako tembo alikuwa akija kujikuna kwenye mlingoti wetu. Ukisikia sauti inakwenda na kurudi, ujue mwenye ngozi yake yupo pale nje.

Lakini jambo aliloniambia mara nyingi kuliko yote ni hili. "Rama, mtambo ukiwa mzima, ukaugusa, ukafa, anza na mkono wako. Toa ulichoongeza. Rudisha cha zamani. Washa. Ukiona bado, ndipo uwashuku wengine." Nililijua kama ninavyoijua alhamdu. Nilipotakiwa kulifanya, sikulifanya.

Ilikuwa hivi. Kituo cha Mikumi kilipokea sauti za vijiji vyote vya upande wa Ruhembe na Kidodi na kuzipeleka Kilosa. Redio yake ilikuwa na njia mbili tu za kuzungumzia. Vijiji vipya vilipoongezeka, watu wakawa wanaingiliana, huyu anaomba dawa ya kuhara, yule anasoma idadi ya magunia ya mahindi. Likaletwa kutoka Dar es Salaam boksi dogo lenye kibao cha njia nne, kichukue nafasi ya kile cha njia mbili. Kibao chenyewe kilikuwa na meno ya shaba upande mmoja, unakichomeka kwenye mfereji, vilevile kama memori zenu. Na katika redio ile umeme wote ulipita kwenye kibao hicho kabla ya kwenda kwingine. Kikikosa kushika, sanduku lote linakuwa bati tu.

Mkuu wa karakana akanituma mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupelekwa peke yangu. Mwezi mmoja kabla ya hapo Mzee Chogohe alikuwa ameitengeneza redio hiyohiyo. Panya walitafuna nyaya za nyuma ya ule mfereji, akazilehemu upya zote. Likumbukeni hilo.

Sasa sikilizeni na habari ya nailoni. Wakati ule kitu kipya hakikuvuliwa nailoni yake. Vitu vilikuwa havipatikani. Ukipata kiti kipya unakalia nailoni, ukipata baiskeli unaiendesha na karatasi zake za kiwandani mpaka zichanike zenyewe. Godoro la mama yangu lilipiga kelele miaka mitano. Kuvua nailoni ilikuwa kukizeesha kitu kwa mkono wako mwenyewe, na watu wangekushangaa.

Nilipofungua lile boksi Mikumi, nikakuta kwenye meno ya kibao utepe mwembamba wa nailoni, unaoonyesha ndani, mwepesi kama ganda la kitunguu. Niliuona. Sitaki mseme kwamba sikuuona. Nikajiambia, wazungu hawa wana akili, wamekikinga na vumbi, basi acha kikae na kinga yake kidumu. Nikakichomeka hivyohivyo. Kikaingia vizuri kabisa. Nikafunga kifuniko, nikatia lakiri, ile nta ya kufungia, nikapiga muhuri wangu.

Nje kulikuwa na sherehe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amechinja mbuzi, watoto wa shule wameimba wimbo waliotungiwa kwa ajili ya njia nne, na Kilosa mkuu wetu alikuwa anasubiri hewani kutoa salamu. Nikawasha. Kimya. Hata ule mvumo wa spika haukuwepo.

Mpokeaji wa kituo alikuwa Bi Tatu, mama mtulivu aliyekuwa akisuka ukili huku akisubiri sauti. Akaniambia taratibu, "Fundi, kile cha asubuhi kilikuwa kinaongea."

"Mama, haya mambo ni ya kitaalamu," nikamjibu.

Kibao cha zamani kilikuwa kwenye begi langu, nimekifunga kwa gazeti. Kukirudisha kungechukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Lakini watu wamesimama, wimbo umeimbwa, mbuzi ameshakufa, na mimi nivunje muhuri wangu mwenyewe nirudishe cha zamani? Niliona haya. Sina neno lingine. Nikapima betri, nikabadili fyuzi, nikampandisha mtu mlingotini akaangalie waya. Jua likapinda. Mwishoni mwenyekiti akasema, "Jamani tule, mbuzi hana kosa," tukala bila mtu kumtazama mwenzake.

Kesho yake nikarudi Kilosa na redio nimeipakata ndani ya basi. Mzee Chogohe akanipokea mlangoni, akanisaidia kuibeba.

"Umerudisha kibao cha zamani ukajaribu?" akaniuliza kabla hata sijaketi.

"Nimekirudisha, Mzee."

"Ikawaje?"

"Vilevile, haiwaki. Nikakiweka tena kipya."

Akaifungua upande wa nyuma, akapima. Umeme unafika kwenye mfereji, hautoki upande wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Rama, una hakika ulikirudisha cha zamani?"

"Nina hakika, Mzee."

Angeweza kuvunja lakiri yangu akaona mwenyewe. Lakini katika karakana yetu muhuri wa fundi mwingine haukuvunjwa. Mtu akisema amejaribu, amejaribu. Desturi hiyo aliianzisha yeye, kabla yangu, ili mafundi waheshimiane. Nilisimama pale namtazama akitazama muhuri wangu na kuupita. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa.

"Basi ni mimi," akasema. "Vibao viwili haviwezi kufa kwa pamoja. Nimeuchoma mfereji kwa moto nilipokuwa nalehemu."

Siku tatu alifumua na kuunga upya zile nyaya. Nilimwona akiishika mikono yake na kuigeuza, kama mtu anayekagua bidhaa. Mfereji mwingine wa kubadilisha haukuwepo nchi nzima, sanduku likapelekwa stoo, na Mikumi wakaazimwa redio nyingine. Mkuu akaja na daftari, akauliza ni nani aliyeigusa kabla ya safari yangu. Nikajibu kwamba Mzee Chogohe alilehemu nyuma ya mfereji mwezi uliopita. Hapo sikusema uongo, mnaona. Kila neno lilikuwa la kweli.

Mkuu akamwambia mbele ya watu wote, kwa upole, na upole ule ndio ulioumiza: "Mzee wetu, macho yamechoka. Tukupumzishe na chuma cha moto." Wakamweka stoo kuhesabu skrubu na kugawa betri. Hakubisha. Alikuja kwenye meza yake, akakunja chuma chake cha kulehemu na waya wake, akakiweka kwenye meza yangu. Miezi mitatu baadaye aliandika barua ya kuacha kazi, akaenda kulima Munisagara, kwa kina mke wake, kule reli inakopita.

Alipokuwa ameondoka kama miezi mitano, nikaagizwa nikatoe kibao katika lile sanduku la stoo kikatumike kwingine. Nikavunja lakiri yangu. Kibao kikatoka na utepe wake wa nailoni, safi, hauna hata mkwaruzo. Nilikaa chini sakafuni. Nikaubandua, nikakichomeka tena, nikawasha, na redio ikavuma, ikaita Mikumi kupitia waya zilizolehemiwa na Mzee Chogohe. Mkuu akaja mbio akanipiga bega. "Rama, umeifufua!" Mwaka huohuo nikafanywa mkubwa wa karakana.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda Munisagara siku ileile. Ni safari fupi ya treni. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno, baada ya masika, baada ya mtoto kupona. Sukari na sabuni zilipokuwa hazionekani, nilikuwa nampelekea Mzee kwa mkono wa walinzi wa treni, na yeye ananirudishia mchicha mkavu na salamu ndefu kwa mwandiko wake mzuri. "Nakuombea, Rama. Wewe ndiwe uliyeshika meza yetu." Kila barua ya hivyo ilinisogeza mbali naye zaidi. Ikapita miaka tisa.

Nilikwenda mwishowe kwa sababu barua zilikuja kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nikashuka treni asubuhi, nikaelekezwa. Mzee alikuwa uani anapukuchua mahindi, amekonda, kichwa chote cheupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Rama?" Akanijua kwa sauti. Mke wake, Mama Damari, akanitolea kigoda na kunipa maji. Ndani, juu ya kabati, niliiona redio ndogo ya mbao imefunikwa kitambaa. Nikauliza kama inaongea.

"Ilikufa mwaka uleule tuliohamia," akasema Mama Damari. "Nikamwambia, si wewe ni fundi, itengeneze. Akasema mikono yake inaharibu vitu vya watu. Majirani walikuwa wanaleta redio zao hapa, akawarudisha wote, wanapanda treni kwenda Kilosa. Hajashika kitu cha waya tangu kazini, baba. Hata tochi anampa mtoto amtilie betri."

Nikamwambia Mzee. Nilikuwa nimejiandalia maneno ndani ya treni, yote yakapotea, nikasema vipandevipande: nailoni, muhuri, kibao kwenye gazeti. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, navyo vikaendelea kulisugua.

"Cha zamani hukukirudisha," akasema.

"Sikukirudisha, Mzee."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, Mzee."

Akaliweka gunzi chini. Kisha sauti ikamtoka ndogo, ya mtu anayeogopa jibu. "Kwa hiyo lehemu yangu?"

"Ilikuwa nzima. Mpaka leo ni nzima. Redio ile bado inafanya kazi, na sijaigusa nyuma hata mara moja."

Akageuza uso kuelekea nyumbani. "Damari! Njoo usikie. Rama, mwambie na yeye. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Nikarudia yote, mbele ya mwanamke yule aliyeishi miaka tisa na mume asiyeamini mikono yake. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Mama Damari hakunitukana. Alisema tu, "Na kwa sukari yako tulikuwa tunakuombea dua," akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameibeba ile redio, ameifuta vumbi, na bisibisi mkononi. Akamwekea mumewe mapajani.

Mzee aliipapasa kama mtu anayemtambua mtoto gizani. Akapata skrubu ya kwanza kwa kidole, akaelekeza bisibisi, ikateleza. Akaelekeza tena, ikateleza ikachora mbao. Nilikuwa nimeona uso wake tangu nilipofika lakini sikuwa nimeyatazama macho. Yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, yote mawili. Akajaribu mara ya tatu, polepole, ulimi ukiwa kwenye pembe ya mdomo kama zamani kwenye meza yetu, na bisibisi ikaangukia kwenye mahindi.

"Ungekuja wakati bado naona, Rama," akasema.

Nilinyoosha mkono kuichukua redio, nimfungulie, nimtengenezee, nifanye chochote. Akaivuta kifuani kwake, akaifunika kwa mikono yote miwili, akaniambia nisiiguse.